Gasketi ya Shaba

Kuanzia Mbeya nilianza kuyahesabu malori ya shaba yanayoteremka kwenda Dar es Salaam. Utayajua kwa namna yalivyopakiwa: mabamba ya shaba yamefungwa mafungu mafungu, yamelala chini kabisa ya tela, na juu yake hewa tupu, maana shaba ni nzito na lori hufikia kikomo cha mizani kabla tela halijajaa. Turubai limekazwa kwa kamba, kamba imepitishwa kila tundu, na mwisho wake inaning'inia sili yenye namba. Sili ikikatwa njiani, mzigo mzima unaingia kwenye maswali. Nilipofika Tunduma nilikuwa nimehesabu arobaini na kitu, nikaacha.

Mimi nilikuwa nakwenda kule yalikotoka. Ndani ya begi nilikuwa na tonki renchi, rula nene ya chuma, fila geji na kipimo cha uvujaji chenye saa mbili, vyote vimeviringishwa kwenye kanga ya mke wangu visigongane. Shemeji yangu, mume wa dada, ana mwaka wa kumi na moja Lubumbashi kwa kazi ya usafirishaji, na ana Mitsubishi Lancer Evolution anayoivusha mpaka kwenda kushindana kwenye rali za Zambia. Ndiyo nchi ya Satwant Singh, bingwa wa rali wa Afrika mara nane, na watu wa upande ule wakikuona na gari bovu hawakufichi. Msimu huo gari lilikuwa limeunguza gasketi ya silinda hedi mara tatu. Mara ya tatu alinipigia simu usiku akiwa bado kando ya barabara. "Shemeji," akasema, "hebu njoo uione mwenyewe."

Nimefunga injini za rali miaka mingi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni la nguvu: farasi wangapi, turbo inasukuma kiasi gani. La kuziba haliulizwi. Nami naamini injini ya mashindano, kabla ya kitu kingine chochote, ni kazi ya kuziba. Moto ubaki juu ya pistoni, oili ibaki chini, maji yabaki kwenye njia zake, vumbi libaki nje. Nguvu ni kile kinachobaki baada ya hayo manne kutimia.

Nakonde nilirudisha saa yangu nyuma saa moja. Mpika, Serenje, kisha Kapiri Mposhi, ambako reli ya TAZARA inaishia baada ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam. Baada ya hapo ni Ndola na miji ya migodi, na kadiri unavyokaribia mpaka ndivyo foleni ya malori inavyorefuka, hadi Kasumbalesa inakuwa mji wa malori wenye mama lishe wake, mafundi wa matairi wake na vinyozi wake. Nilivuka kwa miguu. Ng'ambo, upande wa Kongo, magari yanakwenda kulia, na mtu aliyezoea kushoto hujifunza upya kuvuka barabara. Zilibaki kama kilomita 90. Tuliingia Lubumbashi giza limeshatanda, baridi ya Julai inapenya koti, na shemeji akanionyesha kwa kidole dohani la tanuru la zamani la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, refu kama mita 150, na pembeni yake mlima mweusi wa takataka za tanuru. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910, reli ilipoufikia kutoka kusini, ukiitwa Élisabethville. Shaba ya kwanza ilimiminwa hapa mwaka uliofuata. Na kuanzia 1971 hadi 1997 mkoa mzima wa Katanga uliitwa Shaba, neno letu hili hili la Kiswahili, likaandikwa kwenye ramani za dunia.

Gereji ilikuwa komini ya Kenya. Ndiyo, Kenya: Lubumbashi ina Kenya yake, yenye soko kubwa na vumbi jekundu. Mwenye gereji ni mzee aliyekaa miaka na mashine za migodini kabla ya kufungua sehemu yake, na vijana wote wanamwita Papa, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye alisema joint na culasse kama Kifaransa kilivyomfundisha, mimi nikasema gasketi na silinda hedi, na baada ya robo saa hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Kiswahili cha Lubumbashi kina mwendo wake. Watu ni bantu, maji ni mayi, na neno paka halina mkia wala masharubu, maana yake ni "tu".

Tulianza na kipimo cha uvujaji kabla ya kufungua hata nati moja. Pistoni ya kwanza unaileta juu kabisa, valvu zote zimefunga, unaingiza hewa ya baa 7 kupitia tundu la plagi, saa moja inasoma unachoingiza na ya pili inasoma kinachobaki. Injini nzuri ya mashindano haipotezi zaidi ya asilimia 5. Lakini saa hukuambia kiasi tu, na mahali unapajua kwa sikio. Mluzi ukisikika kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea moshi. Ukisikika kwenye njia ya hewa, ni valvu ya kuingizia. Kwenye mdomo wa oili, ni ringi za pistoni. Rejeta ikitoa mapovu, ni gasketi. "Sikiliza paka," Papa aliwaambia vijana, wakazima redio.

Silinda ya kwanza na ya nne zilikuwa salama. Tulipojaza hewa ya pili, mluzi ukatokea kwenye tundu la plagi ya tatu, na rejeta ikaanza kuchemka ikiwa baridi. Gasketi ilikuwa imekatika katikati ya silinda hizo mbili, pale ambapo ukuta ni mwembamba na joto linatoka pande zote.

Hesabu yake ni hii. Silinda ya injini hiyo ina kipenyo cha milimita 85. Moto unapolipuka, turbo ikiwa imejaza vizuri, mgandamizo unaweza kufika baa 100, na hapo kila silinda inaisukuma silinda hedi kwenda juu kwa nguvu ya zaidi ya tani 5 na nusu. Kwa mizunguko 7,000 kwa dakika, pigo hilo linarudi mara 58 kila sekunde kwa kila silinda. Kinacholizuia ni bolti kumi tu. Tena bloku ni ya chuma na silinda hedi ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo nyuso hizo mbili husuguana kila unapowasha na kuzima, huku gasketi ikiwa katikati yao. Kinachoziba hapo ni mbano. Mtu anayetaka kuziba injini ya mashindano kwa gundi nyingi atarudi gereji kabla ya wiki kwisha.

Silinda hedi ilipotoka tuliilaza rula juu yake, na fila geji ya milimita 0.12 ikapita chini ya rula, pale pale kati ya mbili na tatu. Kikomo changu kwa injini ya namna hii ni 0.05. Uso wa bloku nao ulikuwa na vishimo vya kutu. Gasketi iliyoungua ilikuwa ya mabamba ya chuma yaliyopangwa tabaka kwa tabaka, aina nzuri, ndiyo inayotumika kwenye injini nyingi za leo za barabarani na za mashindano. Ila inataka uso laini kama kioo na ulionyooka kabisa. Ikikosa hivyo haisamehe, na ikishabanwa mara moja imekwisha, unaagiza nyingine na kusubiri.

Papa aliitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Tutafanya ya mukuba."

Mukuba ni shaba, kwa lugha za huku na za Zambia ya kaskazini. Nilikuwa naijua gasketi ya shaba kwa magari ya Marekani ya kukimbia mstari mmoja, yale ya Top Fuel: injini ya lita 8.2, mafuta yake nitromethani hadi asilimia 90, nguvu ya farasi zaidi ya 11,000, mwendo wa mita 305 tu, na baada ya kila mbio injini inafunguliwa yote. Mule ndani kuna bamba tupu la shaba, na mafundi hubadili unene wake ili kupandisha au kushusha mgandamizo kulingana na hali ya hewa. Sikuwahi kufikiri nitaiona ikikatwa kwa mkono, katika mji ambao shaba yenyewe inachimbwa.

Asubuhi tulikwenda kwa msanii wa shaba ya kufua. Kazi hiyo ina sifa Lubumbashi: picha za tembo, za wanawake wanaotwanga, za wachimbaji, zimefuliwa kwa nyundo na patasi kwenye bamba jembamba hadi sura inatokeza upande wa pili. Papa alimwekea gasketi ya zamani kama kigezo na bamba la unene wa milimita 1.3. Msanii hakuuliza ni ya gari gani. Alichora matundu yote, ya silinda, ya bolti, ya maji, ya oili, akayatoboa na kuyafuata kwa msumeno mwembamba na tupa, saa tatu nzima, bila kuinua kichwa isipokuwa kunywa chai.

Kisha akaingia na bamba ndani, kwenye kivuli cha mlango, ambako alikuwa na jiko la makaa. "Ku jua hauwezi kuona rangi yake," alinieleza. Na ndivyo ilivyo: juani wekundu wa kwanza wa shaba hauonekani, utaipitisha kiasi hadi iharibike. Gizani aliipuliza moto polepole kutoka katikati kwenda kingo mpaka ikawaka wekundu hafifu, kama kaa linalokaribia kuzima. Hapo hapo akaichovya kwenye ndoo. Ilinguruma, ngozi nyeusi ikabanduka, ikatoka ya waridi.

"Chuma ukichoma, ukitia ku mayi, inakuwa nguvu," akasema. "Mukuba hapana. Mukuba inakuwa laini sawa nguo." Akaishika kwa vidole viwili, ikainama kwa uzito wake yenyewe.

Niligusa nikaamini. Kinachoilegeza ni moto. Maji ni ya kuharakisha tu na kuivua ile ngozi. Kila pigo la nyundo huikakamaza shaba, ndiyo maana msanii huirudisha jikoni mara kadhaa kabla picha haijaisha, na ndiyo maana gasketi ya shaba iliyokwisha kubanwa kwenye injini hairudishwi vivi hivi: lazima ipite motoni tena ilegee, ndipo iweze kuingia kwenye kila kishimo cha uso wa bloku. Ikilegezwa inatumika tena. Vilevile shaba hupitisha joto mara saba au nane zaidi ya chuma cha bloku, kwa hiyo pale penye ukuta mwembamba kati ya silinda mbili hulisambaza joto kabla halijala. Na kutanuka kwake kumekaa katikati, zaidi ya chuma na pungufu ya aluminiamu, kama mzee aliyewekwa kati ya ndugu wawili wasioelewana.

Kwenye jumba la makumbusho la mji nilikuwa nimeona misalaba ya Katanga, vipande vya shaba vilivyomiminwa kwa umbo la msalaba, vilivyotumika kama fedha karne nyingi kabla ya kampuni yoyote. Wafua shaba wa nchi hii walijua moto wake zamani sana. Wakati wa Msiri, mtawala wa Bunkeya aliyeuawa Desemba 1891, shaba ya huku ilikuwa inatembea na misafara kuelekea mashariki na magharibi pamoja na pembe za ndovu. Leo inatembea kwa malori niliyoyahesabu, inapanda meli, inakwenda kufanywa nyaya na mabamba mbali, na bamba la milimita 1.3 linarudi kwa bei nyingine. Hilo linaniuma. Mtu mwenye ujuzi wa yule msanii, mita mia tatu kutoka tanuru lililozimwa, ananunua shaba iliyotoka nje.

Shaba peke yake haitoshi kwa turbo. Tulipeleka bloku na silinda hedi kwenye karakana inayotengeneza vifaa vya migodini, zikasawazishwa, kisha kuzunguka kila silinda ukachongwa mfereji mwembamba na ndani yake ukapigwa waya wa chuma kisichoshika kutu wa milimita 1. Waya ulibaki umejitokeza kama robo ya milimita. Silinda hedi ikibanwa, waya unajizika ndani ya shaba laini na kuacha pete isiyo na mwanya: moto ukitaka kutoka lazima ule shaba na chuma pamoja. Kasoro ya shaba ni kwenye maji na oili, huko huvuja kirahisi, kwa hiyo matundu hayo hupakwa dawa nyembamba ya kuzibia, nyembamba kiasi kwamba unaona rangi ya shaba chini yake.

Karakana ile ile ilitufanyia kazi ninayoitetea kila siku kwa wateja wangu. Silinda haisuguliwi ikiwa wazi. Juu ya bloku hufungwa bamba zito la chuma lenye matundu, linakazwa kwa mkazo ule ule wa silinda hedi, ndipo kusugua kunaanza. Bolti zinapokaza huvuta kuta za silinda na kuzipindisha kidogo mno kwa jicho. Ukisugua bila bamba, duara unalopata linaharibika siku unapofunga, na ringi hazikai. Ringi nazo tuliziachia mwanya wa milimita 0.45. Vijana walishangaa kwamba tunaacha nafasi kwenye kitu cha kuziba. Ringi hutanuka, ncha zikikutana pistoni inapasuka. Na ringi ya juu haizibi kwa ukakamavu wake peke yake, mgandamizo wa moto wenyewe huingia nyuma yake na kuisukuma ukutani. Moto unajiziba.

Viti vya valvu vya kutolea moshi havikuhitaji kuguswa, lakini tuliviosha na kuviangalia chini ya taa, nikamwonyesha kijana mmoja dirishani ule mlima mweusi. Takataka zile za tanuru zina kobalti ndani, na zimekuwa zikichakatwa upya kuitoa. Kobalti ikichanganywa na kromiamu hutoa aloi iitwayo Stellite, inayobaki ngumu hata ikiwa nyekundu kwa joto, na wajenzi wengi wa injini za mashindano huitumia kwenye viti na nyuso za valvu. Aliyeivumbua, Elwood Haynes wa Marekani, alikuwa mjenzi wa magari: gari lake la kwanza lilitembea Kokomo, Indiana, tarehe 4 Julai 1894. Na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchi hii. Kijana aliitazama valvu, akautazama mlima, akairudisha valvu mahali pake taratibu zaidi ya alivyoichukua.

Kwenye turbo bado ilikuwa inaning'inia sili ya wakaguzi wa rali iliyopita, waya na kipande cha risasi chenye alama, sawa kabisa na ya lori. Neno ni moja na kazi ni ile ile. Waya hupitishwa kwenye bolti zilizotobolewa ili usiweze kufungua bila kuonekana, kwa sababu mdomo wa turbo huwekewa pete yenye tundu la kipimo kuzuia hewa. Mwaka 1995, tundu likiwa milimita 34 katika rali za dunia, timu ya Toyota ilikamatwa Hispania. Mpira wa hewa ulipobanwa kwa klampu, springi zilizofichwa ziliisogeza pete mbele kama milimita 5 na hewa ikapita kando. Ulipofunguliwa kukaguliwa, kila kitu kilirudi mahali pake. Walifutiwa matokeo na kufungiwa miezi 12. Ilikuwa timu iliyoshinda Safari Rally mwaka uliotangulia, Ian Duncan wa Kenya akiendesha Celica, kwa hiyo habari ile ilitugusa huku kwetu. Naitaja kwa sababu ufundi wote uliowekwa pale ulikuwa ufundi wa kuziba, umegeuzwa uwe wa kuvujisha. Shemeji alitaka kuikata sili ile kwa koleo. Nikamwomba aipigie simu ofisi ya mashindano kwanza. Akapiga.

Jioni ya siku ya sita tulifunga. Bolti kumi, kuanzia katikati kwenda nje kwa kupishana, kwa hatua tatu, mwisho newtoni mita 110. Sanduku la hewa tulilipaka grisi kwenye kingo ili vumbi jekundu likwame hapo lisifike kwenye ringi. Injini ikawaka kwa kuguswa. Tuliiacha ipate joto kamili, feni ikawaka mara mbili, tukaizima, na hakuna aliyegusa kitu. Dada alikuwa ametuma bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, na Papa akaongeza michopo ya mbuzi, tukala tumezunguka gari kama watu wanaomlinda mgonjwa.

Shaba lazima ikazwe mara ya pili ikishapoa, kwa sababu usiku huo imeendelea kulala na kujipanga. Tulirudi alfajiri, pumzi zinaonekana. Papa aliniachia renchi, nikakataa, nikampa yeye. Bolti ya kwanza, ya katikati kati ya mbili na tatu, ilisogea kiasi cha upana wa ukucha, kisha ikalia "tik". Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Kijana mmoja alikuwa amelala chini na tochi, akipitisha kitambaa cheupe kuzunguka ukingo wote wa shaba, na kila bolti ilipolia alikitoa, akakigeuza kwenye mwanga, na kukirudisha kikiwa kikavu.